Umechelewa na foleni haisogei: hesabu ya dakika unazodhani unaziokoa

Dereva aliyechelewa utamtambua hata kwa mbali. Pua ya gari lake imekaribia kugusa bampa la aliye mbele yake, indiketa anaiwasha akiwa ameshahama njia, na taa ikigeuka njano ndiyo kwanza anakanyaga mafuta. Ukimuuliza atakwambia anawahi. Makala haya yanataka kujua anawahi nini, na kwa dakika ngapi.

Methali ya haraka na baraka tunaijua sote tangu utotoni, na sijaona ikimtoa mtu mguu kwenye pedeli. Ushauri wa "tulia tu" nao ni hivyo hivyo. Mtu hatulii kwa kuambiwa atulie. Mara nyingi ndiyo unamchokoza. Kwa maoni yangu, kinachomtuliza dereva ni kujua kwa hesabu kipi kinaokoleka barabarani na kipi kimeshapotea. Na kikubwa kimeshapotea kabla hajawasha gari. Akikubali hilo, iliyobaki ni kazi ya kawaida ya kuendesha.

Dakika hupotea kwenye mwendo mdogo

Chukua safari ya kilomita 10. Kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, utatumia saa nzima. Ukipandisha mwendo hadi 20, utatumia nusu saa: umeokoa dakika 30. Kutoka 20 kwenda 30 unaokoa dakika 10. Kutoka 50 kwenda 60 unaokoa dakika 2. Kutoka 80 kwenda 90 unaokoa sekunde 50. Nyongeza ni ile ile kila mara, kilomita 10 kwa saa, lakini kadiri unavyopanda ndivyo inavyokulipa kidogo.

Sasa jiulize ni sehemu gani ya hesabu hiyo iliyo mikononi mwako. Kutoka 10 kwenda 20, ambako kuna nusu saa nzima ya kuokoa, huna la kufanya: hapo mwendo unaamuliwa na makutano ya mbele, lori lililoharibika, mvua, au wingi tu wa magari. Mguu wako unaamua mwendo pale barabara inapokuwa nyeupe, na hapo ndipo kuna sekunde 50. Yaani penye faida huna uwezo, na penye uwezo hakuna faida.

Akili ya binadamu haioni hivyo. Mwanasaikolojia wa Sweden, Ola Svenson, amelichunguza jambo hili kwa miongo kadhaa, na alichokikuta ni kwamba watu hukadiria kupita kiasi muda unaookolewa kwa kuongeza mwendo ambao tayari ni mkubwa, na hukadiria pungufu muda unaookolewa kwa kuongeza mwendo mdogo. Tunaona kwamba kilomita 10 zaidi kwenye kipimo cha mwendo ni faida ile ile popote sindano ilipo. Kumbe muda hauendi hivyo.

Tuiweke hesabu hii katika safari ya mjini. Tuseme unakwenda kilomita 12. Kilomita 8 ni foleni inayotambaa kwa kilomita 12 kwa saa: dakika 40. Kilomita 4 zilizobaki barabara iko wazi na kikomo cha mwendo ni 60: dakika 4. Jumla 44. Haya, vunja sheria. Zipige hizo kilomita 4 kwa mwendo wa 80, bila kupunguza hata mara moja. Utatumia dakika 3. Safari ya dakika 44 imekuwa ya dakika 43. Na hiyo dakika moja yenyewe huna uhakika nayo, kwa sababu mbele kuna taa, na taa haijali ulikuja na mwendo gani. Kila dereva ameshaliona hili: yule aliyekupita kwa mbwembwe mnakutana naye kwenye mataa yanayofuata, yeye akiwa wa tatu na wewe wa sita.

Safari ndefu ni habari nyingine kidogo, na ni haki kulisema hilo. Kwenye kilomita 300, tofauti ya 80 na 100 ni dakika 45 kwenye karatasi. Barabarani zinapungua, maana kuna malori, matuta na vituo, lakini hazifiki sifuri. Bei yake ndiyo ya kuitazama. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali yenye kifo inaongezeka kwa takriban asilimia 4. Hatari inakimbia kuliko mwendo wenyewe. Muda unaookolewa unazidi kupungua kila unapokanyaga, hatari inazidi kupanda, na mistari hiyo miwili haikutani mahali popote panapokufaa wewe uliyechelewa.

Njia ya jirani daima ndiyo inayokwenda

Ukiwa kwenye foleni ya njia mbili, ya jirani ndiyo inayosogea. Unahamia huko, na ile uliyoiacha inaanza kwenda. Watu huita bahati mbaya, lakini jambo hili lina maelezo, na mwaka 1999 Donald Redelmeier wa Chuo Kikuu cha Toronto na Robert Tibshirani wa Chuo Kikuu cha Stanford waliyachapisha katika jarida la Nature.

Magari yanapokwenda polepole hubanana. Yanapokwenda kasi huachana nafasi. Njia yako ikiwa na kasi, unapita magari mengi yaliyobanana kwa muda mfupi sana. Njia yako ikisimama, wale wa jirani wanakupita mmoja mmoja, wakiwa wameachana, na jambo hilo linachukua muda mrefu. Kwa hiyo hata njia mbili zikiwa na mwendo wa wastani ulio sawa kabisa, wewe utatumia muda mwingi zaidi ukipitwa kuliko ukipita. Juu ya hapo, uliowapita wako nyuma na huwaoni tena, ila waliokupita wako mbele yako, wanakukera kwa taa zao nyekundu. Macho yanahesabu upande mmoja tu wa daftari.

Jua hilo, na robo tatu ya hamu ya kuhama hama itakwisha. Robo iliyobaki tunaijua: wakati mwingine njia ya jirani kweli inakwenda, kwa mfano kwako kuna gari limezimika mbele. Basi hama, mara moja, ukiwa umeshaangalia vioo na kona isiyoonekana kiooni, indiketa ikiwa imetangulia. Kinacholeta ajali ni kule kuchomoka ghafla kwenye mwanya mdogo kwa sababu umeuona sasa hivi na unaogopa utafungwa.

Foleni isiyo na sababu

Mwaka 2008 watafiti wa Japani wakiongozwa na Yuki Sugiyama wa Chuo Kikuu cha Nagoya walichapisha jaribio rahisi mno. Waliweka magari 22 kwenye barabara ya duara yenye mzunguko wa mita 230, wakawaambia madereva waende kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, wafuatane. Hapakuwa na taa, wala makutano, wala tuta. Kwa muda kidogo mambo yakaenda vizuri. Kisha mmoja akapunguza kidogo, wa nyuma yake akapunguza zaidi, wa nyuma zaidi akabana breki, na punde kukawa na kundi la magari yaliyosimama kabisa. Kundi hilo likaanza kusafiri kurudi nyuma kwenye duara kwa takriban kilomita 20 kwa saa, huku magari ya mbele yakitoka na ya nyuma yakiingia.

Hiyo ndiyo foleni inayokupotezea dakika kumi, halafu inafunguka na hukuti ajali wala askari wala kitu chochote. Imetengenezwa na breki. Na breki hizo hubanwa zaidi na nani? Na mwenye haraka, anayemfuata mwenzake kwa karibu mno, maana asiyeacha nafasi hana njia nyingine ya kupunguza mwendo isipokuwa kubana ghafla. Anawachelewesha walio nyuma yake, na katikati yao wamo waliochelewa kama yeye.

Dawa yake inaudhi, lakini inafanya kazi: acha nafasi, na katika foleni inayosimama na kwenda, jaribu kutambaa kwa mwendo mmoja badala ya kuruka mita tano na kubana. Gari la mbele likiondoka, wewe ondoka taratibu. Likisimama tena, huenda hutalazimika kusimama kabisa. Mguu unapumzika, klachi inapumzika, na wimbi linavunjika kidogo hapo ulipo.

Hapa daima kuna pingamizi moja: "Nikiacha nafasi watu watachomekea." Ni kweli, watachomekea. Tuwahesabie. Njia moja ya barabara, taa ikiwa kijani muda wote, hupitisha takriban magari 1,800 kwa saa, yaani gari moja kila sekunde 2. Kila anayechomekea mbele yako anakugharimu kama sekunde 2. Wakichomekea kumi katika safari nzima, na hilo ni wengi, umepoteza sekunde 20. Hasira ya kuchomekewa inakaa kifuani robo saa. Sioni kama ni biashara nzuri, ingawa nakiri kwamba anayetanua nje ya barabara na kurudi mbele ya kila mtu anastahili maneno ambayo hayachapishiki.

Haraka inavyofunga macho

Mpaka hapa tumezungumza habari ya muda. Upande wa pili ni akili yenyewe, na hapa pana utafiti wa zamani ambao hauhusu magari hata kidogo.

Mwaka 1973 wanasaikolojia John Darley na Daniel Batson walifanya jaribio na wanafunzi 40 wa chuo cha teolojia cha Princeton, Marekani. Kila mmoja aliombwa aende jengo la pili akatoe hotuba fupi; baadhi yao hotuba yenyewe ilihusu Msamaria Mwema. Wengine waliambiwa wana muda wa kutosha, wengine kwamba wanahitajika sasa, na wengine kwamba wameshachelewa. Njiani palikuwa na mtu ameinama mlangoni, anakohoa na kugumia. Waliokuwa na muda, asilimia 63 walisimama wakamsaidia. Walioambiwa wanahitajika sasa, asilimia 45. Walioambiwa wamechelewa, asilimia 10. Kujiandaa kuhubiri habari ya Msamaria hakukuonekana kubadili kitu. Kilichobadili ni haraka. Wapo waliomruka mgonjwa wakienda kumzungumzia Msamaria.

Hao walikuwa wanatembea kwa miguu, na pengine ni watu wema kukuzidi wewe na mimi. Mpe mtu wa namna hiyo usukani na gari la tani moja na nusu. Mwili wake umeshamwaga adrenalini, moyo unadunda, na macho yamekaza mahali pamoja: pengo lililo mbele, au saa ya dashibodi. Mtoto aliye ukingoni mwa kivuko, pikipiki inayopita katikati ya magari, mlango wa gari lililoegeshwa unaoanza kufunguka, vyote viko pembeni ya macho, na pembeni ndipo haraka inapofuta kwanza.

Na gari halisimami kwa sababu umeona. Linasimama baada ya kuona, kuamua, mguu kuhama, na breki kufanya kazi. Tuseme shughuli ya kuona na kuamua inachukua sekunde moja na nusu, na barabara ni kavu. Anayekwenda kilomita 50 kwa saa atasimama baada ya mita kama 35. Anayekwenda 60, akimwona mtoto kutoka mahali pale pale na kubana breki kwa nguvu ile ile, atasimama baada ya mita 45. Mita kumi, utasema, si nyingi. Lakini tazama kinachotokea mahali pale ambapo wa kwanza amesimama, yaani mita 35 kutoka alipomwona mtoto. Wa pili akifika hapo, bado anakwenda kwa kilomita 43 kwa saa. Nishati ya gari inapanda kwa mraba wa mwendo, na sehemu kubwa ya umbali wake imeliwa na ile sekunde moja na nusu ambayo breki hazijaguswa. Mmoja amesimama mbele ya mtoto. Mwingine, kwa tofauti ya kilomita 10 kwenye kipimo, amemgonga kwa mwendo unaoweza kuua.

Nilitaja dakika 2 huko juu, za kutoka 50 kwenda 60 kwenye kilomita 10. Hizo ndizo zinazonunuliwa kwa bei hii.

Mambo ya kumaliza kabla ya kuwasha gari

Sehemu kubwa ya utulivu inatengenezwa gari likiwa limesimama. Na jambo la kwanza ni kukoma kudanganya.

Kuna ujumbe ambao kila mtu ameutuma: "Nipo njiani, nakaribia." Wakati unautuma bado unatafuta viatu. Unaonekana ujumbe wa heshima, lakini ni deni: umejiwekea muda usioweza kuutimiza, na sasa kila kilomita unalilipa kwa mguu wa kulia. Kinyume chake, ukisema wazi, "Nimechelewa kutoka, nitafika saa nne na nusu, anzeni bila mimi," aibu inatokea mara moja na inakwisha. Hakuna tena cha kuwahi, isipokuwa ahadi mpya ambayo umeiweka mwenyewe kwa nafasi.

Iweke kwa nafasi kweli. Mwaka 1994 watafiti watatu wa Kanada, Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross, waliwauliza wanafunzi wa mwaka wa mwisho wangemaliza tasnifu zao kwa siku ngapi. Wastani wa makadirio ulikuwa siku 34. Walipoulizwa watachukua muda gani kila kitu kikiharibika, wakasema 49. Kwa uhalisia walitumia zaidi ya siku 55. Yaani hata tukijaribu kuwaza mabaya tunawaza mazuri. Kwa hiyo ukiona akili inakwambia "dakika 25", sema 45. Anayekusubiri hachukizwi sana na dakika nyingi. Anachukizwa na kuambiwa tano mara nne.

Simu hiyo piga au ujumbe huo andika kabla gari halijatoka, kisha simu iwe mbali na mkono. WHO inakadiria kwamba dereva anayetumia simu ana uwezekano wa kupata ajali takriban mara nne ya asiyetumia. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, sekunde mbili za kusoma "umefika wapi?" ni zaidi ya mita 55 bila macho barabarani. Na nitaongeza neno kwa wanaosubiri, maana huwa hawasemwi: mkijua mtu anaendesha, msimpigie kila dakika tatu kumuuliza yuko wapi. Yuko kwenye foleni.

Angalia ramani ya njia sasa, si mbele ya safari. Nenda chooni. Hili la mwisho halimo kwenye vitabu vya udereva, lakini kibofu kilichojaa kimeshavunja sheria nyingi za barabarani.

Ukiwa ndani ya foleni

Mwili unaanza kukaza kabla hujajua. Utaujua kwa taya zilizobanwa, mabega yaliyopanda kuelekea masikioni, na vidole vinavyouminya usukani kana kwamba utakimbia. Shusha mabega, legeza vidole hadi damu irudi, kisha vuta pumzi kwa pua na uitoe polepole kuliko ulivyoivuta. Si ushirikina wa kisasa: moyo hupunguza mapigo kidogo kila unapotoa pumzi, kwa hiyo ukirefusha kutoa unaupa nafasi ya kushuka. Pumzi kama sita kwa dakika zinatosha. Macho yabaki wazi na usishikilie pumzi. Wewe ni dereva, hauko kwenye mkeka wa mazoezi.

Jambo la pili ni saa. Programu za ramani zinaonyesha muda utakaofika, na muda huo unageuka mchezo: imesema saa nne na dakika kumi, basi naiweka saa nne na dakika saba. Kama unaijua njia, zima ramani. Kama huijui, iache isome kwa sauti na ufiche skrini. Kutazama saa mara ishirini hakuirudishi nyuma hata mara moja.

Akili ikizidi kwenda kwenye kikao kinachoendelea bila wewe, iajiri. Madereva wa polisi nchini Uingereza hufunzwa kuendesha huku wakisema kwa sauti wanachokiona, na mbinu hiyo inamfaa mtu yeyote mwenye mawazo mengi. "Basi limesimama kushoto, mtu anaweza kutokea mbele yake. Pikipiki kioo cha kulia. Taa ya kijani ya muda mrefu, inaweza kugeuka." Utajisikia mjinga kidogo. Lakini mdomo unaotaja pikipiki hauwezi wakati huo huo kuandaa utetezi mbele ya bosi, na macho yanalazimika kurudi pembeni, kule yalikofutwa na haraka.

Umbali na wa mbele uupime kwa muda: gari lake likipita nguzo au alama fulani, wewe uifikie baada ya sekunde mbili au zaidi. Barabara ikiwa na maji, nne. Na aliye nyuma yako akikubana huku anawasha taa, usimfundishe adabu. Ana haraka zake kama wewe, ingawa tunajuana: mimi nikipiga honi nina dharura, yeye akipiga hana malezi. Mpishe panapopishika, basi.

Dharura za kweli zipo. Kuna mgonjwa kwenye kiti cha nyuma, kuna mama ameshikwa na uchungu. Hesabu ya dakika haibadiliki kwa sababu hiyo, na dereva aliyetaharuki ndiye mtu asiyefaa kabisa kushika usukani siku hiyo. Kama kuna gari la wagonjwa au mtu mwingine mwenye kichwa kilichotulia, yeye aendeshe, wewe kaa na mgonjwa.

Wako pia ambao haraka si hiari yao: anayelipwa kwa idadi ya safari, anayepeleka chakula kwa muda uliotangazwa, dereva wa basi mwenye hesabu ya kufunga jioni. Kumwambia huyo avute pumzi ni kumkebehi. Mwaka 1993 kampuni ya piza ya Domino's iliifuta nchini Marekani ahadi yake ya kufikisha piza ndani ya dakika 30, baada ya kushindwa kesi kubwa ya mwanamke aliyegongwa na dereva wake. Haikuwafundisha madereva kupumua, iliondoa saa. Mwenye gari na mwenye kampuni wanaweza kufanya vivyo hivyo bila kungoja mahakama.

Foleni ikifunguka

Dakika ya hatari kuliko zote, naamini, si ile unayokaa umesimama. Ndani ya foleni magari yanagongana bampa, rangi inachubuka, watu wanatukanana, basi. Hatari ni pale barabara inapofunguka ghafla na dereva mwenye dakika arobaini za uchungu kifuani anaona lami tupu. Hapo anataka kufidia. Mguu unazama, na kwa sababu alikuwa kwenye mwendo wa kutembea, 80 inaonekana kama malipo ya haki.

Hiyo dakika iandalie mapema. Ukiwa bado umesimama, amua mwendo utakaokwenda nao foleni ikifunguka, ukitaje kwa namba: "Nitakwenda hamsini." Uamuzi uliotolewa ukiwa umetulia ni rahisi kuufuata kuliko unaotolewa injini ikinguruma. Na kama taa ya mbele inageuka njano wakati bado unaweza kusimama bila kukwaruza tairi, simama. Utakaa hapo kwa dakika moja hivi, nayo imo tayari ndani ya zile 45 ulizoahidi.

Ukifika, bado hujafika. Hatua za mwisho ndipo watu wanarudisha gari nyuma bila kugeuza shingo, wanaegesha kwenye kivuko, wanaruka nje na kukatiza barabara kwa miguu wakiwa na begi mkononi. Zima injini, kaa pumzi mbili. Mlango ufungue kwa mkono ulio mbali nao: mwili utageuka wenyewe, na utaona kama kuna baiskeli inayokuja ubavuni kabla mlango haujaikuta.